Pilipili za Mama Rahab

Rahab aliuma pilipili katikati, akaitafuna pamoja na mbegu zake, na mikono yake haikusimama hata kidogo. Vidole viliendelea kunyofoa maua ya pareto na kuyatupa kapuni. Machozi yakaanza kumtoka. Yalishuka mashavuni, yakafika kidevuni, yakadondokea maua.

"Mama Rahab!" akaita Wariara kutoka mstari wa pili. "Jioni uje unipulizie jiko. Kiberiti kimeniishia!"

Wanawake wakacheka. Rahab naye akacheka, akafuta uso kwa kiganja, akauma tena.

Makokha, nyapara wao, hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amelizunguka shamba lile mara tano. Akisimama, miguu ilimwasha. Akikaa, aliona kama amekalia siafu. Ilikuwa Jumamosi, na Sajenti Kosgei alikuwa njiani kutoka Nakuru.

Mwezi mmoja uliopita askari walileta maiti ya kijana aliyepigwa risasi msituni, juu huko kwenye mianzi. Wakailaza juu ya magunia mbele ya ghala la kukaushia pareto, wakawapitisha wanawake wote mmoja mmoja. Sajenti alikuwa amesikia kwamba mama wa kijana yule anachuma maua katika shamba hili. Hakuna aliyelia. Hakuna hata aliyepunguza mwendo.

"Sawa," Sajenti alimwambia Makokha siku ile. "Lakini mama hawezi kufunga kilio kama anavyofunga mzigo wa kuni. Kitatoka tu. Kikitoka, nataka jina. Nisipolipata kwa mwezi mmoja, lori la kizuizini haliondoki tupu. Utapanda wewe."

Basi Makokha akageuka kuwa macho tu. Alichungulia nyuso mashambani, kisimani, kanisani. Wariara aliponyamaza siku mbili bila kula, moyo wa Makokha uliruka. Kumbe ni jino. Mwanamke mwingine alipovaa kitambaa cheusi, alimfuata hadi nyumbani kwake, akaambiwa ndicho pekee kisichokuwa kwenye maji. Usingizi ulimkimbia. Hakujua kinachomtisha zaidi ni kipi: kumkosa yule mama, au kumpata.

Ndiyo maana alimwonea Rahab wivu. Kila akimaliza pilipili yake, mama huyu alikuwa anashusha pumzi moja ndefu, na uso wake unatulia kama maji ya ziwa asubuhi.

"Mama," alimwuliza akiinama karibu na kapu lake, "hiyo kitu inakupa nini?"

"Inanikalisha hapa, nyapara." Rahab hakuinua macho. "Ikiwaka, sioni jana, sioni kesho. Naona ua na kidole changu, basi."

"Nani alikufundisha?"

"Mke wa Mhindi mmoja, nilikuwa namfulia nguo huko mjini. Alisema moyo ukikimbia kama mbuzi, mpe mdomo kazi."

"Nipe moja na mimi. Wangu unakimbia kuliko mbuzi."

Rahab akafunga haraka fundo la leso alimoweka pilipili zake. Zilikuwa ndefu, nyekundu, zimechongoka kama kucha. Alizipata kwenye bustani ya memsabu, mke wa Mzungu mwenye shamba, alikokuwa akimwagilia mboga kila Jumapili.

"Hizi zitakuua," alisema. "Wewe huna kifua cha hizi. Nenda zako, baba."

Makokha alikuwa bado amesimama pale Landrova ilipoingia. Sajenti Kosgei alishuka, akanyoosha mgongo, akaja kati ya mistari akikanyaga maua. Alitoa daftari dogo mfukoni na kulamba ncha ya penseli.

"Nyapara. Mwezi umekwisha. Jina."

Makokha alivua kofia. "Afande, nimeangalia sana..."

Lakini Sajenti hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anamtazama Rahab.

"Huyu je? Mbona analia?"

"Huyo? Ni pilipili, afande. Kila siku anakula."

"Huyo ni jiko, afande!" Wariara akadakia, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Sajenti akamwendea Rahab, akaitwaa leso na kuifungua. Akachukua pilipili moja, akaigeuza, akainusa kwa mbali kama mtu anayenusa kidonda.

"Mimi kwetu tunakunywa maziwa," alisema. "Mambo ya kula moto siyajui, na sitayaanza leo. Wewe, nyapara, si watu wa kwenu wanasema hakuna chakula kinachowashinda? Kula hii nikiona. Ukimaliza, unipe jina."

Rahab aliendelea kuchuma. Ila vidole vyake sasa vilikuwa vinanyofoa maua pamoja na vikonyo, jambo ambalo Makokha hakuwahi kumwona akilifanya tangu amjue.

Makokha aliipokea pilipili kwa mikono miwili. Karibu ashukuru. Kabla ya lori, kabla ya seng'enge na maswali, angalau angepata dakika moja ya kutoona kesho. Akafumba macho, akaitia mdomoni nusu nzima, akauma.

Alingoja iwake. Akatafuna tena, na mbegu zake, akazungusha ulimi kila pembe ya mdomo. Hakikuja kitu ila maji baridi, matamu kama ya muwa.

Akafumbua macho. Machozi ya Rahab yalikuwa yanateremka bado, mfululizo, kimya, juu ya maua.

Makokha akajishika koo kwa mikono miwili, akaanguka magoti kwenye matope mbele ya Sajenti, akapiga ukelele uliowafanya hata watu wa ghalani watoke nje: "Maji! Nakufa jamani! Mnaniangalia nini? Leteni maji!"