Benchi Nililokalia

Jumapili hiyo tulikuwa waumini watano katika kanisa letu la Anglikana pale Buswelu, na mmoja alikuwa amelala. Akaingia Ojwang na wenzake wanne wa lile hema jipya la uamsho, lenye jenereta na vipaza sauti, lililotunyang'anya karibu watu wetu wote.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kuazima mabenchi. Kwetu watu wanakaa chini, na ya kwenu yanakaliwa na vumbi."

Marahaba sikumpa. Huyu, mimi ndiye baba yake wa ubatizo.

"Nililokalia hulichukui," nikamwambia.

"Basi kalia vizuri."

Wakalinyanyua nami juu yake. Sikushuka. Nililing'ang'ania mpaka msumari ukanitoboa kidole, wakanipitisha sokoni kama bibi harusi, wakanitua mbele ya hema lao.

Nikapanda juu ya benchi, damu ikinichuruzika, nikawatazama. Kwaya yetu nzima ilikuwa pale, na mtunza hazina wetu pia. Kwa hasira nikapaza sauti kwa salamu ya ibada yetu: "Bwana akae nanyi."

Hema zima likainuka, likaitikia kwa mazoea, neno kwa neno.

Mhubiri wao peke yake ndiye hakujua la kuitikia.