Mkuki Unataka Kumi na Mbili

"Inua, shemeji. Mkono unyooke," alisema Wenseslaus, penseli ikiwa nyuma ya sikio.

Flavia aliushika mchi wa kutwangia katikati, kwa mkono mmoja, akaunyoosha mbele. Ildefonce akahesabu kwa sauti. Ncha ya mchi ilishuka alipofika kumi na sita.

"Uwii! Mkuki umepata mwenyewe!" Ildefonce alipiga meza hadi dadu zikaruka. "Huyu ni wa Kibosho, bwana. Kubeba mikungu ya ndizi si utani."

Flavia alicheka. Hakuwa amecheka tangu Novemba, walipomzika mumewe kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba.

Mchezo ule ulikuwa wa mumewe, Sylvanus. Alikuwa akiongoza watalii mlimani pamoja na hawa wawili, na mtalii mmoja alimwachia kitabu cha vita vya kuchezea mezani: kila mtu na shujaa wake kwenye karatasi, silaha zake, na dadu ya kuamua nani kapiga na nani kakosa. Sylvanus akakiandika upya kwa Kiswahili katika daftari, akabadilisha sheria moja tu. Nguvu za shujaa zisitoke kwenye dadu. Zitoke kwenye mkono wa mchezaji, zipimwe kwa mchi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kisu, yeyote anakimudu. Mkuki mrefu unataka kumi na mbili, na bila mkuki joka la kule juu kwenye barafu haliuawi.

Karatasi ya Sylvanus ilikuwa na namba zake, moja chini ya nyingine: 16, 13, 10, 7. Ile 7 ilikuwa ya Oktoba, ugonjwa ulipokuwa umemkondesha, mwezi mmoja kabla ya mazishi. Kwenye 10 ndipo walipomvua shujaa wake mkuki.

"Wamenipa kisu," alisema aliporudi nyumbani siku ile, na chai akaiacha ikapoa.

Flavia hakuwasamehe. Ndiyo maana alikuja Rau, walikochezea. Shujaa yule alipaswa kufika kwa joka akiwa na mkuki mkononi.

"Nikupe karatasi mpya?" Wenseslaus aliuliza.

"Ya nini? Andika hapohapo, chini ya zake."

Akaandika 16. Siku hiyo walivuka pango la kwanza.

Machi, mchi ulishuka kwenye kumi na tatu.

"Ni Kwaresma," Flavia alisema. "Nafunga."

"Mungu gani anataka ukonde hivi?" Ildefonce alimsogezea sahani ya kiburu cha ndizi. "Pasaka tukupime tena. Utafika ishirini, utuaibishe."

Akabaki na mkuki. Pango la pili wakalivuka.

Aprili hawakukutana, maana Jumamosi ya kwanza iliangukia Jumamosi Kuu. Mei, mvua ikinyesha, Flavia alichelewa kufika. Gauni alikuwa amelibana kwa pini kiunoni. Alisema matope ya Kibosho ndiyo yaliyomchelewesha, akakaa kwanza, akapumua. Joka lilikuwa mbele yao. Zamu ilikuwa yake.

Akainua mchi.

Ildefonce alihesabu haraka, haraka kuliko haki, macho yakiwa sakafuni. Hata hivyo ncha ilishuka kwenye kumi.

"Sikushika vizuri," Flavia alisema. "Nipimeni tena."

"Andika kumi na mbili," Ildefonce alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

Wenseslaus aliandika alichokiona, kama Sylvanus, mwenye daftari, alivyotaka, halafu akageuza uso dirishani.

Flavia aliivuta karatasi ili abishane nao. Akazisoma namba zote kwa mara moja, za mume na za mke: 16, 13, 10, 7, 16, 13, 10.

Chini yake, kabla karatasi haijaisha, ilibaki nafasi ya namba moja.