Utepe wa Mashine

Siwema alimaliza kilomita ishirini na moja akiwa wa mwisho, raba moja imeachama mdomo kama mamba. Hakujali. Mbio zilikuwa za kuchangia mashine ya oksijeni, na mashine yenyewe ilikwisha kununuliwa. Ilisimama pale uwanjani mwa hospitali, juu ya zulia, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Hatua hamsini kutoka hapo, wodini, mumewe Athumani alikuwa akigombania pumzi.

"Ipelekeni basi," Siwema alimwambia mshereheshaji.

"Mama, utepe haujakatwa."

"Ukateni."

"Nani aukate? Mimi?" Mshereheshaji alishtuka kana kwamba ameambiwa aoe nyoka. "Utepe hukatwa na mgeni rasmi. Yuko njiani. Kunywa maji, mama, upigwe picha."

Mgeni rasmi alikuwa njiani tangu saa mbili asubuhi. Njia yake, bila shaka, ilikuwa ndefu kuliko ya Siwema. Bendi ilirudia wimbo wa kumkaribisha mara ya tano, na mashine ikashikiwa mwavuli isije ikachomwa na jua.

Siwema akaenda mezani, akauchukua mkasi juu ya kimto chake cha hariri, akaukata utepe. Wimbo ukakatika katikati. Hata bendi ilijua kwamba dhambi kubwa imetendeka.

Alikuwa ameanza kuisukuma mashine alipomwona muuguzi akitoka wodini. Alfajiri, Siwema alipomwacha mumewe, muuguzi huyo alikuwa akikimbia. Sasa alikuwa anatembea, kichwa ameinamisha.