Vikopo vya Msuka

Haya ni kweli tupu, wallahi, wala sikutia chumvi hata ya kulia embe bichi. Anayebisha na aende Msuka, kaskazini ya Pemba, akaulize.

Vikopo vya Msuka vilikuja vimejaa pomoni. Hilo ndilo lililomshangaza Mwatum kwanza. Kwengine watu huleta kidogo tu, kwa aibu, na wapo wanaorudisha kikopo kikavu. Msuka wazee wote walileta, alfajiri, na mfuniko haufungi.

Mwatum alikuwa mpimaji wa maabara katika utafiti wa minyoo, utafiti wa fedha za serikali. Dawa mpya ilikuwa tayari, lakini kila kijiji kilitakiwa kwanza kipimwe choo, wakubwa kwa wadogo, ijulikane watu wake wana minyoo gani. Kikipimwa sawasawa, watoto wa skuli wanapewa dawa. Kisipopimika kinaachwa. Na watoto wa Msuka Mwatum akiwajua mmoja mmoja kwa matumbo yao yaliyofura, maana ndiko alikoolewa.

Akakiweka choo cha mzee wa kwanza chini ya hadubini. Akatazama. Akafikicha macho, akatazama tena. Mayai aliyoyaona hayakuwa ya minyoo ya binadamu. Yalikuwa ya minyoo ya ng'ombe.

Cha wa pili, ng'ombe. Cha Mzee Vuai, ambaye hata maziwa hanywi, ng'ombe. Watoto tu ndio waliokuwa na minyoo yao halali, tena tele.

"Umechoka, Bi Mwatum," akamwambia mkuu wake, Bwana Soud. "Rudi kachukue upya."

Akarudi. Jua, vumbi, kikapu. Kila nyumba wazee walimpokea kwa heshima, wakainamisha macho, wakakishika kikopo kitupu kwa ncha za vidole kama kaa la moto. Mzee Vuai, ami yake mumewe, alizungumza naye huku kaupa uso ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Kumbe bado tu mwavitaka?"

"Bado, baba. Tumbo lako je?"

"Limefunga tangu juzi, halitoi hata salamu. Lakini usitie shaka, kesho kikopo chako utakikuta kimejaa."

"Na mbona vina majani mengi hivi, baba?"

Mzee akakohoa. "Twala mchicha, mwanangu. Maisha yamekuwa magumu."

Kesho yake vikopo vikajaa. Ng'ombe watupu.

Akaenda tena, na tena. Miguu ikamvimba. Jioni mama mkwe wake, Bi Mwanawema, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, hadi siku moja Mwatum akashindwa kujizuia.

"Mama, wazee wa hapa mwawalisha nini?"

"Lala, mwanangu," akasema Bi Mwanawema. "Mambo mengine mkwe hayaulizi."

Bwana Soud akaona hapana budi, akapeleka habari wizarani. Wakaja mabingwa kutoka mbali, wakainamia hadubini mpaka chai yao ikapoa. Wakakubaliana kwamba umezuka ugonjwa mpya, mtu mzima wa Msuka ana tumbo la ng'ombe. Pengine ni hewa ya kule kaskazini. Pengine ni huo mchicha. Wazee wakapigwa picha wamejipanga mbele ya skuli, dawa ikaja gari nzima, watoto wakameza matumbo yakashuka, na Mwatum akapandishwa cheo.

Kwa hivyo mtu mzima wa Pemba kukutwa na mayai ya minyoo ya ng'ombe ni jambo linalojulikana kwa wataalamu, wala halina haja ya maswali.

Hapo ndipo nilipoikomesha hadithi yangu. Khatib alikuwa bado kasimama mlangoni kwangu, hapa Mgogoni, kikapu cha vikopo mkononi. Alikuwa amenisikiliza mwanzo hadi mwisho, macho mekundu kwa uchovu. Ni kijana mwenye adabu, na kazi yake ni hiyo hiyo ya maabara. Ijumaa iliyopita wazee wake walikuja kumposa mwanangu Mwanamize, nasi tukaitikia; tangu hapo ni mkwe wa Mgogoni nzima.

"Baba," akasema taratibu, "Msuka dawa haikufika. Mabingwa hawakwenda. Kijiji kiliachwa, watoto wamebaki na matumbo yao, na Bi Mwatum kaacha kazi. Mimi ndiye niliyepewa kikapu chake."

Nikakitazama kikapu.

"Na Mgogoni leo ndiyo mwisho. Tukikosa leo, gari la dawa haliji tena."

Akakitoa kikopo changu, kilikuwa bado kina moto wake. Akakifungua. Akachomoa unyasi mmoja mrefu, mbichi, akauinua kidogo nipate kuuona, kisha akaulaza chini polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Hichi mrudishie mwenyewe, baba," akasema.

Akanipa mgongo, akatazama njiani, akaupitisha mkono nyuma na kunyoosha kikopo kitupu. Nikakipokea. Nikazunguka uani, nikawakuta majirani zangu, wazee wazima na kanzu zao, wamepanga foleni nyuma ya ng'ombe wangu, kila mmoja na kikopo chake. Nikawaambia warudi makwao, nikaingia chooni na kikopo changu, nikalipa deni langu.