Sauti ya Bibi Redioni

Zama hizo redio ya taifa ilitangaza mafuriko kwa sauti ya marehemu wa kila nyumba, maana watangazaji wa mjini walipuuzwa. Ukijibu "Nimesikia," inanyamaza mpaka hatari nyingine.

Asubuhi moja Siwatu alikuwa akikoroga uji, mara akamsikia marehemu mama yake: "Siwatu mwanangu, mto umefura. Beba watoto, pandeni kilimani."

Akaketi. Miaka miwili ya ukame hakuisikia sauti ile, iliyozoea kumwimbia akisukwa nywele utotoni.

"Mama, jibu twende!" Binti yake Hidaya akamvuta kanga.

"Ngoja, bibi yako hajamaliza."

"Karudia mara saba, mama!"

"Mwache arudie."

Maji yakaingia jikoni, yakazima moto. Siwatu akasogeza kigoda karibu na redio.