Hina ya Arusi

Sindano ilipenya glavu zote mbili, ikamchoma Zulaikha kidole cha shahada.

Alikuwa akivuta majimaji ya rangi ya waridi kutoka kwenye chupa ya seli, katika maabara yao ya Kamembe. Juzi alizitia seli hizo plazimidi, vijiduara vya DNA: kimoja kilibeba jeni ya saratani wanayoichunguza, vingine vilikuwa vya kufungashia, vya kuunda ganda la kirusi. Leo virusi vilikuwa tayari. Vimetengenezwa visiweze kuzaliana. Lakini kila kimoja huingia ndani ya seli mara moja, na kikishaingia, mzigo wake hautoki.

Alivua glavu, akakiminya kidole chini ya bomba. Damu ilitoka au haikutoka? Hakuona. Jana shangazi zake walimpaka hina kwa ajili ya arusi ya mdogo wake, na ncha za vidole vyote zilikuwa nyekundu.

Mwenzake aliyejichoma mwaka jana alikiri. Aliambiwa apumzike kidogo. Mpaka leo hajaitwa tena kazini, analima mihogo kijijini Gitambi.

Mkuu wa maabara aliingia. Shingoni mwake ulining'inia ufunguo wa kabati la dawa ya kinga, ile ambayo ni lazima imezwe mapema mtu akijichoma.

"Zulaikha, mbona unanawa sana? Umejichoma? Leta mikono nione."

Aliikausha, akaikunjua. Mkuu alivaa miwani, akainama karibu, ufunguo ukamgusa Zulaikha kiganjani, baridi.

"Ni hina tu, Dokta."