Mashine ya Kiganjani

Pesa za mradi zilitosha mashine moja tu ya kusoma vinasaba: kubwa, ya kusoma ng'ombe mia kwa mpigo, au ndogo ya kiganjani, inayosoma mmoja mmoja kwa tone la damu.

Nilimwonyesha picha zote mbili Nyangwine, mchimbaji wa dhahabu wa Genkuru. Zizini kwake ng'ombe mmoja tu alipona ndigana, ugonjwa wa kupe, nami nilitaka kujua kwa nini.

"Daktari, sisi mawe mapya hatuyakimbizi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia," alisema, akitwanga jiwe kwenye kinu cha chuma. Aliuosha unga kwenye karai, akachungulia. Ukabaki mstari mwembamba wa njano. "Tunapima kidogo kwanza."

Nikachagua ndogo.

"Basi naomba damu ya yule aliyepona."

Aliingia ndani mbio, akatoka na upinde, mshale wa kutobolea mshipa wa ng'ombe, na kibuyu cha kukingia damu.

"Kimoja kitatosha?"